Kichwa kinauma ukiwa ndani tu? Chunguza jengo kabla ya kumeza vidonge

Mi kazi yangu ni viyoyozi na mifumo ya hewa kwenye majengo, na swali ninaloulizwa kuliko yote wala sio la baridi, ni hili: fundi, mbona nikiingia humu ndani kichwa kinaanza, macho yanawasha, koo linakauka, ikifika saa nane mchana usingizi mzito, alafu nikishatoka nje nusu saa tu niko fiti? Wengi wanaouliza wameshapima damu, wameshabadilisha miwani, wameshaambiwa wapunguze mawazo. Wao wamepimwa kila kitu, jengo halijapimwa na mtu. Kwa hiyo naweka hapa utaratibu ninaoufuata mwenyewe, uwe ofisini, darasani au kwako nyumbani, na sehemu kubwa yake haitaki kifaa chochote zaidi ya kalamu, pua na kipande cha tishu.

Kuna kimoja kisichosubiri

Kabla ya yote, kabonimonoksidi. Hii gesi haina rangi, haina harufu, haiwashi, na inatoka popote kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha: jiko la mkaa, hita ya gesi, jenereta, gari linalounguruma kwenye gereji iliyoungana na nyumba. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yaani oksijeni inafika inakuta siti zimejaa. Dalili zake ni kama mafua yasiyo na homa, kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, ila kinachoitambulisha ni kwamba inawashika wote mliomo ndani kwa wakati mmoja, mpaka paka.

Ukiona hivo usianze kutafuta inatoka wapi. Toeni watu nje, mkiwa huko nje ndo mpige simu ya dharura. Na kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kisiwapumbaze, chenyewe hakijui kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba hii gesi, kinaweza kukuandikia 98 huku mtu anazimika. Hospitali kuna kipimo chake cha damu, wakifika waambieni mapema mlikuwa karibu na moto gani.

Jenereta ndani hata kama madirisha yote yako wazi, hapana. Mkaa chumbani wa kuota moto alafu mkalala, hapana, na hapo sitaki mjadala. Kama nyumba ina chochote kinachowaka kwa gesi, mafuta, mkaa au kuni, kengele ya kabonimonoksidi ndo kifaa cha kwanza kununua, iwekwe karibu na mnapolala ili iwaamshe. Angalia nyuma yake kuna tarehe, zile sensa zinazeeka, na kengele ya moshi wa moto ni kitu kingine, haifanyi kazi hii.

Daftari la wiki mbili

Kama tatizo sio hilo, tulia. Chukua daftari na kwa wiki mbili andika umekaa chumba gani kuanzia saa ngapi, dalili gani imeanza saa ngapi, na baada ya kutoka ilichukua muda gani kuisha. Ongeza na kilichotokea siku hiyo, wamedeki na dawa gani, mvua imenyesha, AC ilizimwa, imeletwa fenicha mpya, printa imeshinda inatema makaratasi. Mwisho wa wiki pia andika, manake siku ambayo hukwenda kazini inasema mengi kuliko siku uliyokwenda.

Kwa nini nakazania daftari? Kwa sababu malalamiko ya majengo yako ya namna mbili na yanashughulikiwa tofauti. Kuna zile dalili ambazo watu wengi wa jengo moja wanalalamika vitu vinavyofanana, vipimo vya hospitali havionyeshi ugonjwa, na zinapungua mtu akitoka. Hili sio jambo la kufikirika, Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti ya mwaka 1984 lilisema mpaka asilimia 30 ya majengo mapya na yaliyokarabatiwa huenda yana malalamiko ya aina hii. Alafu kuna magonjwa kamili yenye jina na chanzo, kama pumu inayoamshwa na kitu kilichomo ndani, mapafu kuvimba kwa sababu ya aleji ya ukungu au vumbi, na homa ya mapafu ya bakteria wa lejionela. Hayo hayaishi kwa kutoka kwenda kupunga upepo. Ukiona homa, kifua kubana, kukohoa usiku, pumzi fupi ukipanda ngazi, nenda kwa daktari na daftari lako mkononi, umwonyeshe kabisa kwamba Jumatatu hadi Ijumaa naumwa na likizo nilipona. Daktari asipoambiwa kuhusu jengo hawezi kulitibu.

Nikupe mfano. Kuna dada wa uhasibu kwenye jengo moja nililokuwa nalihudumia, aliandika kwa uvivu uvivu tu, lakini tulipokaa kulisoma lile daftari tukaona kichwa kinamshika Jumanne na Ijumaa, saa nne kwenda saa tano, siku nyingine hamna. Wenzake walikuwa wanamwambia ni kazi za kufunga mahesabu. Tukashuka naye nyuma ya jengo Ijumaa hiyo saa nne, tukakuta lori la mizigo limerudi nyuma mpaka ukutani, dereva kashuka kaacha injini inawaka, na juu ya bomba lake la moshi, kama hatua tatu hivi, kuna ule wavu mkubwa ambao mfumo wa AC unavutia hewa ya nje kuipeleka juu kwao. Kwenye ramani ya jengo ule wavu umeandikwa hewa safi. Siku hiyo hiyo likawekwa tangazo la kuzima injini, na baadaye ule wavu wa kuvutia hewa ukahamishwa. Sasa fikiria wangemleta mtu na mashine ya laki ngapi sijui, apime Jumatano, angeandika hewa ni nzuri na akalipwa.

Zunguka na pua yako

Pua inazoea harufu ndani ya dakika chache, ndo maana mwenye nyumba huwa hasikii nyumba yake inanukaje. Kwa hiyo toka nje, kaa kama dakika 20, rudi, na ile pumzi ya kwanza mlangoni ndo ya kuiamini. Au muombe rafiki ambaye hajawahi kuingia humo, mwambie asiwe na adabu.

Harufu ya udongo mbichi au soksi zilizolowa ni ukungu, hata kama huuoni. Harufu ya mayai yaliyooza mara nyingi inatoka kwenye tundu la maji la sakafuni ambalo halitumiki. Chini ya kila sinki na kila tundu kuna kona ya bomba inayokaa na maji kwa makusudi, yale maji ndo mlango unaozuia hewa ya maji taka isipande, sasa bafu la wageni likikaa miezi bila kutumika yanakauka na mlango unakuwa wazi. Mwaga ndoo ya maji, na juu yake matone ya mafuta ili yasikauke haraka, nimeshamaliza kesi kadhaa za "jengo linanuka kifo" kwa ndoo moja. (Kama harufu ni ya gesi ya kupikia hiyo ni kesi nyingine kabisa, usiwashe wala kuzima swichi, toka.)

Alafu tishu. Washa feni ya kutolea hewa bafuni au jikoni, weka kipande cha tishu kwenye wavu wake, kikibaki kimenata feni inavuta, kikianguka feni inapiga kelele tu. Utashangaa ni ngapi zinazopiga kelele tu. Nyingine zinavuta vizuri lakini bomba lake limeishia juu ya dari, halijatolewa nje, yaani mvuke wote wa kuoga unaenda kulowesha mbao za paa. Panda uangalie.

Macho yaangalie duara za rangi ya chai kwenye silingi bodi, rangi iliyovimba chini ya dirisha, mgongo wa kabati lililogusana na ukuta wa nje, na vile vidoa vyeusi vyeusi kwenye mdomo wa AC.

AC haileti hewa mpya

Hii ndo sehemu ambayo watu wananibishia. Ile AC ya ukutani yenye kipande kimoja ndani na kingine nje, karibu zote zinachukua hewa ileile ya chumbani, zinaipooza, zinairudisha. Kile kipande cha nje kinatoa joto tu, hakivuti hewa. Kwa hiyo watu wanane wakifunga chumba cha mkutano na AC nyuzi 18 wakakaa saa mbili, wanavuta pumzi za wenzao zilizopozwa vizuri. Ubaridi unawadanganya kwamba hewa ni safi.

Ukitaka kuliona hili kwa namba, tafuta mita ya hewa ukaa, yaani kabonidioksidi, ile tunayoitoa tukipumua. Nje siku hizi inasoma kama 420 kwa kila sehemu milioni. Max von Pettenkofer, yule mtaalamu wa afya wa Munich, tangu mwaka 1858 alishasema chumba kikipita 1000 hewa yake haifai, na mpaka leo watu wengi wanatumia namba hiyohiyo kama alama. Chumba cha kulala cha watu wawili kilichofungwa kabisa kinaweza kuamka asubuhi kimepita 2000 bila shida. Sasa elewa, hewa ukaa kwa kiwango hicho sio sumu, ni ushahidi tu kwamba hewa haibadiliki, na kama hiyo haitoki basi na vingine havitoki, virusi vya mafua, harufu za gundi, unyevu wa pumzi. Ukinunua mita hakikisha imeandikwa NDIR (yaani inapima gesi kwa mwanga wa infraredi), manake kuna za bei poa ambazo hazipimi hewa ukaa, zinanusa kemikali nyingine na kukisia, ukipuliza pafyumu inapanda mpaka 5000. Na mita ya hewa ukaa haioni kabonimonoksidi, majina yanafanana lakini usije ukategemea moja kwa kazi ya nyingine.

Majengo makubwa yenye mabomba ya hewa darini yana uwezo wa kuchanganya hewa ya nje, ila uwezo na kufanya ni vitu viwili. Baada ya mafuta kupanda bei 1973 wajenzi wengi walianza kuziba majengo na kubana hewa ya nje ili kuokoa umeme, viwango vikashuka mpaka kama lita 2.5 kwa sekunde kwa mtu, na malalamiko yakafumuka. Mwaka 1989 chama cha wahandisi cha Marekani, ASHRAE, kikapandisha kiwango cha chini mpaka lita 7.5 hivi. Lakini tabia ya kubana haijafa. Kuna mahali nilipanda darini nikafuata bomba la hewa ya nje hadi kwenye lile bamba la kufungulia, nikakuta limezibwa kwa kadibodi na tepu ya kunata, pembeni mtu kaandika kwa kalamu "ISIFUNGULIWE, BILI". Ile tepu ilikuwa imeshakuwa ya njano. Ghorofa nzima ilikuwa inasinzia kwa sababu ya kadibodi ya boksi la printa.

Kwa hiyo kama uko kwenye jengo la namna hiyo, swali la kumuuliza msimamizi sio "AC inafanya kazi?" Atakwambia ndio. Muulize hewa ya nje inaingilia wapi, bamba lake liko wazi kiasi gani leo, na mfumo unawashwa saa ngapi kabla watu hawajaingia. Jibu la "ngoja nimuulize fundi" ni mwanzo mzuri.

Nyumbani ni rahisi zaidi. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango, dakika 10 za upepo unaopita moja kwa moja zinashinda dirisha moja lililofunguliwa kidogo siku nzima. Kama nje kuna barabara yenye foleni, fungua muda ambao magari ni machache, na upande usiotazama barabara. Kama hamna upepo, weka feni dirishani ikitazama nje, isukume hewa ya ndani itoke, nyingine itaingia yenyewe kwa dirisha la pili. Ukipika, feni ya jiko iwake kabla hujawasha moto na iendelee kama robo saa baada ya kumaliza, na upike kwenye mafiga ya nyuma, huko ndo inavuta vizuri.

Maji ndo adui, ukungu ni mtoto wake

Watu wanapigana na ukungu kwa brashi na dawa, unarudi, wanapiga rangi juu yake, unarudi. Ukungu haurudi kwa sababu dawa ni mbovu, unarudi kwa sababu maji yapo. Kitu kikilowa una saa 24 mpaka 48 za kukikausha, ukizidisha hapo mbegu zake ambazo ziko hewani kila mahali zinaanza maisha. Bomba limepasuka Ijumaa jioni mkasema tutashughulika Jumatatu, basi Jumatatu mnashughulika na vitu viwili.

Kipima unyevu cha bei ndogo kinatosha. Lenga asilimia 30 mpaka 50, ukivuka 60 kwa muda mrefu unaukaribisha. Unyevu ukikaa chini ya 50 na wale wadudu wadogo wa vumbi la godoro wanaoamsha pumu wanapata shida, kwa sababu hawanywi maji, wanayafyonza hewani. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60.

Eneo la ukungu likiwa dogo, chini ya mita moja ya mraba, unaweza kulimaliza mwenyewe. Ziba kwanza maji yanakotoka. Vaa barakoa ya N95, glavu, na miwani iliyofunga pembeni, funga mlango wa chumba, fungua dirisha, zima AC isisambaze. Lowesha ukungu kabla ya kuugusa ili usipeperuke, usiufagie mkavu hata siku moja. Kwenye vigae, chuma, kioo, plastiki, sugua kwa maji ya sabuni, futa, kausha kabisa na feni. Silingi bodi, godoro, zulia, kadibodi, hivyo vina matundu ndani na mizizi imeshazama, kata utupe ndani ya mfuko uliofungwa. Na ndugu zangu, blichi isichanganywe na dawa yenye amonia, wala na siki, wala na dawa ya kung'arisha choo. Ukichanganya unatengeneza gesi ya sumu kwenye chumba kidogo ukiwa umepiga magoti, watu wanabebwa kila siku kwa hili. Eneo likiwa kubwa, au maji yalikuwa ya choo, au ndani kuna mtu mwenye pumu kali au kinga dhaifu, waite wenye kazi yao.

Sasa AC yenyewe. Inapopooza hewa inatoa jasho, jasho linadondokea kwenye trei na kutoka kwa bomba dogo. Hilo bomba likiziba trei inageuka bwawa. Nimewahi kuchomoa moja, chini kuna utelezi mzito kama jeli, rangi ya waridi na nyeusi, umechukua umbo la trei, nikauinua wote mzima kama zulia dogo. Hewa ya watoto wa chekechea ilikuwa inapita juu yake kutwa. Ukiona AC inadondosha maji ndani, au inatoa harufu ya siki dakika mbili za mwanzo ukiwasha, usinyunyizie manukato, mwite fundi asafishe koili, trei, lile gurudumu la feni na bomba la maji. Filta ile ya mbele unaiosha mwenyewe kwa maji na unaikausha kabla ya kuirudisha, kila wiki mbili hadi mwezi kutegemea vumbi. Fundi aliyekuja akaosha filta peke yake akaondoka, hajasafisha AC.

Maji ya moto na jengo lililofungwa muda mrefu

Julai 1976 maveterani wa Marekani walikutana hotelini Philadelphia, wakaanza kuugua homa ya mapafu isiyojulikana, watu 182 waliugua na 29 wakafa. Mapema 1977 ndo akapatikana bakteria, wakamwita Legionella kwa jina la chama chao. Anaishi majini, anapenda nyuzi 20 mpaka 45, na anakupata ukivuta matone madogo ya maji, ya shawa, ya minara ya kupozea ya AC kubwa, ya chemchemi za mapambo. Kwa kawaida haambukizwi mtu kwa mtu, na AC ndogo ya ukutani sio nyumba yake.

Kwa hiyo usiweke tanki la maji ya moto kwenye vuguvugu eti kuokoa umeme, likae nyuzi 60, na kwenye mabomba weka vali ya kuchanganya ili mtu asiungue. Jengo likifungwa wiki kadhaa, siku ya kurudi fungulia bomba zote dakika kadhaa, shawa uifungulie kichwa chake kikiwa ndani ya ndoo au mfuko isirushe matone usoni kwako. Kichwa cha shawa kivuliwe, kilowekwe kitoke chokaa iliyoganda, kisuguliwe.

Harufu ya mpya

Ile harufu ya ofisi mpya ambayo watu wanaisifia ni kemikali zinazotoka kwenye gundi, vanishi, zulia na mbao za kubandika. Maarufu zaidi ni fomaldehidi, inayotoka kwenye chipbodi na aina fulani za plaiwudi, inawasha macho na pua, na tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la kwanza la visababishi. Joto na unyevu vinaiongeza, ndo maana kabati jipya linanuka zaidi mchana. Fenicha mpya ifunguliwe makaratasi na iachwe mahali penye upepo siku kadhaa, kingo za mbao zilizobaki wazi zizibwe, na ukinunua uliza yenye kiwango kidogo cha fomaldehidi. Rangi ipigwe watu wakiwa hawapo na madirisha yabaki wazi siku kadhaa baada ya hapo, hasa kama kuna mama mjamzito au mtoto mchanga, sio mnapaka leo usiku mnalala humo.

Vipulizo vya harufu siviwezi kabisa. Haviondoi kitu chochote hewani, vinaongeza. Ile harufu ya limau kwenye dawa nyingi ikikutana na ozoni inazaa fomaldehidi nyingine na vumbi laini, yaani umelipia tatizo.

Jengo la zamani, kabla ya kutoboa dari, kubomoa vigae vya sakafu au kuvua vile vifuniko vya kuzuia joto kwenye mabomba, uliza kama kuna asibesto, yale madini ya nyuzi nyuzi yaliyotumika kwenye vifaa vya ujenzi. Ikiwa nzima na haijaguswa haina haraka, ukiikata ndo nyuzi zinaingia kwenye mapafu na hazitoki. Na radoni, gesi yenye mionzi inayopanda kutoka kwenye ardhi na miamba, inashika namba mbili baada ya sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu, haina dalili ya siku hata moja, hutaiandika kwenye daftari. Ukiishi chini au kwenye ghorofa ya chini ya ardhi weka kipimo chake kidogo kwa miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, ikishindikana kabisa isipite 300.

Mashine za kusafisha hewa

Zinasaidia, lakini ni za mwisho. Kwanza ondoa chanzo, pili badilisha hewa, tatu ndo uchuje. Mashine yenye filta ya HEPA inakamata vumbi laini, moshi, poleni na matone yenye virusi, haikamati kabonimonoksidi wala hewa ukaa, na kemikali inazikamata tu kama ina mkaa maalumu wa kutosha, sio ule unga mwembamba uliopakwa juu ya sponji. Kujua inakutosha, zidisha urefu, upana na kimo cha chumba, jibu uzidishe kwa 5. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha 2.5 ni mita za ujazo 50, kwa hiyo tafuta inayosafisha angalau 250 kwa saa, na uisome kwenye spidi utakayovumilia kelele yake, sio ile ya juu kabisa ambayo utaizima siku ya pili. Yoyote inayojisifu kutoa ozoni iache dukani.

Kama huna hela ya hiyo, mwaka 2020 Richard Corsi na Jim Rosenthal walieneza boksi la kujitengenezea, filta nne za MERV 13 (daraja la filta zinazokamata vumbi laini) zinafungwa kwa tepu ya kunata ziwe kuta za boksi, chini kadibodi, juu feni ya boksi inayovuta hewa kupitia filta na kuitupa juu. Sura yake mbaya, kazi yake nzuri sana. (Angalau hapa kadibodi ina matumizi ya halali.)

Na mimea? Jamani. Ule utafiti wa NASA wa 1989 ulifanyika ndani ya vyumba vidogo vilivyozibwa kama chupa. Wataalamu waliokuja kuzipitia tafiti hizo 2019 walikuta ungehitaji mimea kati ya 10 na 1000 kwa kila mita moja ya mraba ili ishindane na hewa ya kawaida inayopita dirishani. Weka ua kwa sababu ni zuri, na usilimwagie mpaka sahani yake ioteshe ukungu.

Kuongea na bosi au mwenye nyumba

Ukienda peke yako ukisema "hewa mbaya" utaambiwa ufungue moyo, au una stresi. Nenda na madaftari matatu manne ya watu wanaokaa sehemu tofauti za jengo, na picha ya lile doa, na namba za mita kama unayo, alafu omba kitu kimoja kinachofanyika: tunaomba bamba la hewa ya nje likaguliwe, tunaomba bomba linalovuja juu ya silingi litengenezwe. Weka kwa maandishi yenye tarehe. Na uwe mkweli, sio kila kichwa ni hewa, nimeshakuta taa inayopepesa na feni yenye mtetemo wa chini chini inawaumiza watu vichwa huku mita zote zinasoma vizuri.

Wakishatengeneza, daftari liendelee wiki mbili nyingine, bila kuwaambia wenzako ni siku gani hasa kimebadilishwa nini. Yule dada wa uhasibu aliandika mpaka akachoka, ukurasa wa mwisho kaweka tarehe ya Ijumaa, saa nne, na mbele yake mstari tu.